Maswali ya Wasomaji: Plota Mbele ya Usukani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: kutoa plota (skrini ya GPS inayoonyesha ramani ya bahari na mahali chombo kilipo) na vyombo vingine vya kuongozea ndani ya kibanda na kuvileta mbele ya mshika usukani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majina tumeyaacha. Mahali tumepataja, kwa sababu jua, joto na aina ya chombo hubadili jibu.

Dira na plota kwenye nguzo moja

*Nina yoti ya faiba ya futi 34 hapa Mtwapa. Usukani wake ni wa gurudumu, na juu ya nguzo ya usukani ipo dira. Nimenunua plota ya inchi 9. Fundi mmoja ameniambia niifunge pale pale karibu na dira. Mwingine anasema nikifanya hivyo dira haitaaminika tena. Nimfuate nani? Na nyaya nizipitishe wapi? – Msomaji, Mtwapa*

Wote wawili wana la kweli, lakini jibu liko chomboni mwako. Kila plota huja na kitabu kinachotaja umbali salama kutoka kwenye dira, na vitabu vingine hutaja hata mita 1 nzima. Kwenye nguzo ya yoti ya futi 34 umbali huo haupatikani, maana kila kitu kimebanana ndani ya nusu mita. Kwa hiyo pima mwenyewe kabla hujagusa drili.

Funga chombo gatini kwa kamba nne kisiyumbe. Mtu mmoja akae aitazame dira, asifanye kazi nyingine. Wewe shika plota ikiwa imezimwa, anzia umbali wa mita 1, uisogeze polepole kuelekea pale unapotaka ikae. Kadi ya dira ikianza kucheza, simama uweke alama ya penseli. Rudia plota ikiwa imewashwa na mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa, kwa sababu umeme unaopita kwenye waya nao huzaa sumaku. Kisha geuza chombo kielekee upande mwingine upime tena, mpaka umemaliza pande nne za dunia. Wengi hupima upande mmoja wakaridhika, na hapo ndipo wanapokosea. Sumaku ikilala sambamba na sindano ya dira haiisogezi. Chombo kikigeuka robo mzunguko ndipo sumaku ile ile inaanza kuivuta.

Mvuto usiozidi digrii 2 au 3 unarekebishika. Dira nyingi za nguzo zina skrubu mbili za kurekebishia, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi, nazo huzungushwa kwa bisibisi ya shaba au plastiki. Bisibisi ya chuma yenyewe itaivuta kadi. Mvuto ukizidi hapo, isogeze plota. Hata sentimita 10 huleta tofauti kubwa, maana nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kadiri umbali unavyoongezeka. Na ukimaliza kufunga kila kitu, toka nje siku ya bahari tulivu uilinganishe dira na alama mbili zilizopangana kwenye ramani. Kwa aliye Mombasa, taa za Ras Serani zinazoongoza meli kuingia bandarini zinafaa kwa kazi hiyo. Andika tofauti kwa kila upande kwenye kadi, ibandike karibu na meza ya ramani.

Hapo hapo tazama na vitu vingine vilivyo karibu na nguzo. Spika na kipaza sauti cha redio vina sumaku kali kuliko plota. Simu za siku hizi, hasa zenye kava au kishikio cha sumaku, huivuta dira vibaya, na mshika usukani huiweka simu yake pale pale kwenye kishikio cha kikombe bila kufikiri. Waya wa taa ya dira nao ni wa kuangaliwa: chanya na hasi zisokotwe pamoja kama kamba. Zikienda zimeachana, kila mmoja hujenga uga wake wa sumaku; zikisokotwa, moja huifuta nyingine.

Sasa mahali pa kufunga. Pazuri zaidi ni kwenye upinde wa bomba la chuma cha pua unaosimama mbele ya nguzo, ule ambao watu hujishikia. Zipo kasha za plota zinazobana kwenye mabomba hayo, na hukatwa kwa kipenyo maalumu. Usikisie kipenyo kwa macho. Mabomba ya Marekani huwa ya inchi 1, yaani milimita 25.4, au inchi 1 na robo, karibu milimita 32. Yoti za Ulaya huwa na ya milimita 25 au 30. Pima kwa kalipa, na upime pia umbali kati ya miguu miwili ya upinde, katikati hadi katikati. Kibanio cha milimita 30 kwenye bomba la 25 kitazunguka siku ya kwanza mtu atakapojiegemeza.

Kabla hujaagiza kasha, kata kadibodi ya ukubwa wake, ibandike kwa utepe mahali pake, utoke baharini alasiri moja. Simama, kaa kitako, kaa upande wa goshi, yaani upepo unakotoka, chombo kikiwa kimelala. Plota isizibe macho yako kwenda omo, mbele ya chombo. Katika maji yetu yenye miamba ya matumbawe, rangi ya maji mbele ya chombo itakuonya mapema kuliko ramani ya skrini. Zungusha gurudumu kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, ukilishika kama kawaida: kati ya vifundo vya vidole na kasha ibaki angalau sentimita 5. Sukuma mkono wa gia na mafuta hatua zake zote. Halafu fanya jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: toa kana ya dharura (mkono wa kugeuzia usukani) kabatini uichomeke mahali pake. Ikiwa haiingii au haizunguki kwa sababu ya kasha, basi hapo si mahali pa plota, hata kama panapendeza vipi.

Nyaya zisipite ndani ya nguzo. Mle ndani mna mnyororo na kamba za chuma za usukani zinazokwenda na kurudi saa zote, na waya ukilegea ukaingia kwenye jino la mnyororo unakatika, au mbaya zaidi, unakwamisha usukani. Pitisha ndani ya mguu wa upinde. Waya wa umeme wa plota huwa na plagi upande mmoja tu, ule wa plota. Upande wa pili ni nyuzi tupu. Kwa hiyo ushushe kutoka juu, nyuzi tupu zikitangulia, na plagi haitahitaji tundu kubwa. Kebo za mtandao ndizo zenye plagi pande zote mbili. Kwa hizo nunua yenye ncha tupu, pamoja na plagi ya kufunga kwa mkono baada ya kupitisha. Kebo ya kipima kina usiikate hata kidogo; itafutie njia nyingine.

Kutoboa bomba la chuma cha pua kunahitaji subira. Weka alama kwa patasi ya ncha kali ili keekee isiteleze. Tumia keekee ya kobalti, mwendo wa polepole, mkandamizo wa kutosha na mafuta ya kukatia. Anza na milimita 3, panda 6, kisha 10, na usivuke 12 kwenye bomba la 25, maana tundu kubwa zaidi hulidhoofisha bomba mahali watu wanapojishikia. Keekee ikizunguka bila kutoa vinyweleo vya chuma, acha mara moja: unakipasha moto chuma na kukifanya kiwe kigumu kuliko keekee yenyewe. Ukimaliza, laini kingo kwa tupa ndogo, tia pete ya mpira, na ufagie kila chembe ya chuma iliyoanguka sitahani, la sivyo kesho utaamka na madoa ya kutu kwenye faiba nyeupe. Kushusha waya, tangulia na mshipi wa kuvulia uliofungwa nati ndogo. Acha sentimita 30 za ziada ndani ya kasha, na chini ya sitaha kunja waya ushuke kidogo kabla haujapanda kwenda kwenye swichi, ili maji yanayoufuata yadondoke pale kwenye pindo na yasifike kwenye viungo.

Skrubu za chuma cha pua zinazoingia kwenye nguzo ya aluminiamu zipakwe mafuta mazito ya kuzuia ulaji wa metali. Bila hayo, chumvi huzikamata metali hizo mbili, na baada ya miaka miwili skrubu hukatika kichwa kabla haijatoka.

Plota inazima kila nikipiga injini

*Plota iko kwenye usukani, mita 9 kutoka kwenye ubao wa swichi. Inafanya kazi vizuri ila nikipiga stata inazima na kuanza upya. Betri ni mpya. Nimepima waya kwa mita nikapata volti 12.6. – Msomaji, Tanga*

Mita haikukudanganya, ila uliipima mahali ambapo hapana kazi. Waya usio na mzigo huonyesha volti zote za betri hata kama kiungo chake kimeoza nusu. Pima tena plota ikiwa imewashwa, ncha za mita zikiwa kwenye waya pale pale inapoingia plagi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Plota ya inchi 9 hula karibu ampea 2. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 9 huhesabiwa 18. Zidisha ampea kwa mita kwa 0.0175, kisha gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Waya wa milimita 1 utapoteza volti 0.63. Wa milimita 2.5 utapoteza 0.25 tu. Viwango vya ABYC vya Marekani vinataka hasara isizidi asilimia 3 kwa vyombo vya kuongozea, yaani volti 0.36 kwenye umeme wa 12. Stata ikivuta, betri nzuri inaweza kushuka hadi volti 10.5 kwa sekunde chache. Ondoa 0.63 unabaki na 9.87, na plota inayohitaji 10 inazima. Ondoa 0.25 unabaki na 10.25, na plota haishtuki.

Badilisha waya, basi, na utafute ule wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu huwa nyeusi ndani ya ganda lake katika hewa ya chumvi, na weusi huo hutambaa mbali kuliko unavyodhani; ukikata sentimita 20 bado ni nyeusi. Viungo vibanwe kwa koleo yake, si kwa plaizi, kisha vifunikwe kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Upande wa hasi nao una viungo vyake, na huo ndio unaosahaulika. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye hasi ya plota, plota ikiwa imewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna kiungo kibovu njiani.

Fyuzi iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha plota, na ikae upande wa ubao wa swichi. Kazi yake ni kuulinda waya, kwa hiyo iwe pale umeme unapoanzia. Fyuzi iliyowekwa ndani ya kasha ya usukani inaacha mita 9 za waya bila ulinzi.

Ukiweza, tenga betri ya stata na betri ya vyombo. Hilo ndilo suluhisho lenyewe.

Upepo hauonekani kwenye skrini

*Nimeunganisha plota, kipima upepo, kipima kina na otopailoti kwa mtandao wa NMEA 2000. Wakati mwingine upepo unaonekana, wakati mwingine haupo, na jana otopailoti ilijizima katikati ya mkondo. Vyote ni vipya. – Msomaji, Unguja*

Kabla hujalaumu chombo chochote, zima umeme wote wa mtandao, chukua mita, uiweke kwenye omu. Fungua plagi moja ya tawi upime kati ya waya mweupe na wa buluu. Lazima upate karibu omu 60. Mtandao huu una kebo kuu moja, na kila mwisho wake hufungwa kifuniko chenye ukinzani wa omu 120. Viwili vikisaidiana vinatoa 60. Ukipata 120, kifuniko kimoja hakipo au kimelegea. Ukipata 40, viko vitatu, pengine kimoja kimejificha ndani ya kipima upepo juu ya mlingoti, kwa sababu baadhi ya vipima hivyo hujengwa nacho ndani. Hali zote mbili huleta ugonjwa huo huo unaouelezea: vyombo vinasikilizana kidogo, kisha vinapotezana.

Kosa la pili tunaloliona sana ni tawi refu. Kila chombo hutundikwa kwenye kebo kuu kwa tawi lisilozidi mita 6. Mtu huacha kebo kuu chini ya meza ya ramani, akavuta tawi la mita 8 hadi kwenye usukani. Ni bora kebo kuu yenyewe ifike chini ya nguzo, ipande ikihitajika, na matawi yawe mafupi. Usigawe tawi kwa kuunganisha nyaya kwa mkono. Tumia kiungo cha umbo la T kwa kila chombo.

La tatu ni umeme. Mtandao hulishwa mahali pamoja, kwa waya mwekundu na mweusi wenye fyuzi yake. Baadhi ya mashine za otopailoti zinaweza nazo kuulisha mtandao, na mwenye chombo hajui, akaongeza chanzo cha pili. Soma kitabu cha otopailoti yako kipengele hicho. Na kama plota ni ya Garmin na otopailoti ni ya Raymarine, lugha ni ile ile lakini plagi ni tofauti. Kuna kebo ya kuunganishia, inunue, usikate plagi.

Dira ya umeme inayoongoza otopailoti isiwe karibu na usukani kabisa. Iweke chini, katikati ya chombo, angalau mita 1 kutoka kwenye injini, spika na betri. Kisha angalia kabati lililo upande wa pili wa ukuta: nanga ya akiba au katoni ya makopo ikihamia humo, otopailoti itafuata njia nyingine, na hakuna atakayejua kwa nini. Baada ya kuifunga, izoeshe kwa kuzungusha chombo taratibu duara mbili kwenye maji tulivu, kila duara lichukue dakika 2 au zaidi.

Maadamu plota iko wazi, malizia na redio. Redio ya VHF yenye kitufe chekundu cha dharura hutuma yenyewe mahali ulipo ikiwa inajulishwa na GPS. Redio nyingi mpya zina GPS ndani. Isiyokuwa nayo iunganishwe na plota, ama kwenye mtandao huo au kwa nyaya za NMEA 0183, mfumo wa zamani zaidi, kwa mwendo wa biti 4800 kwa sekunde. Na lazima ndani yake iingizwe namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa chombo redioni: za Kenya huanza na 634, za Tanzania na 674 au 677. Redio isiyo na namba hiyo, kitufe chake cha dharura hakifanyi kazi.

Jahazi la kana

*Tunatembeza wageni kwa jahazi hapa Lamu. Usukani ni wa kana, hakuna nguzo wala gurudumu. Tunataka plota ndogo ya inchi 5 kwa safari za usiku. Tuifunge wapi, na tutumie betri gani? – Wasomaji, Lamu*

Msiifunge kwenye kana wala kwenye kichwa cha usukani. Kana inayumba, mshika kana hubadili upande kila tanga linapogeuzwa, na skrini itakuwa imempa kisogo nusu ya safari. Wekeni kwenye ubao wa shetri (sitaha ya nyuma), mahali inapoanzia, ikielekea tezi, yaani nyuma ya chombo, katikati au kidogo upande ambao demani haipiti. Demani, kamba ya kuvutia tanga, ikilegea na kukaza ghafla huzoa kila kilichosimama njiani mwake. Tazameni njia yake tanga likiwa pande zote mbili kabla hamjachagua.

Chongeni kibao cha mbao ngumu, mvule au mbambakofi, unene wa sentimita 3 hivi, mkifunge kwa bolti za chuma cha pua zinazopenya hadi upande wa pili, na washa pana nyuma. Msipige misumari. Juu yake fungeni kishikio cha tufe kinachozungushwa na kukazwa kwa mkono, tufe la inchi 1 na nusu. La inchi 1 ni dogo kwa mtikisiko wa jahazi. Uzuri wake ni kwamba plota inatoka jioni ikaenda nyumbani. Plagi inayobaki ivikwe kofia yake, isiachwe inaning'inia ikinywa umande.

Plota ya inchi 5 hula chini ya ampea 1. Tukikadiria 0.8 kwa saa 8, ni ampea-saa 6.4. Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ya ampea-saa 20 inawatosha kwa usiku mmoja na akiba ikabaki. Iwe ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, limefungwa kwa mkanda, juu kabisa ya maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Fyuzi ya ampea 3 ikae kwenye chanya, karibu na betri.

Jambo moja mshika kana alijue kabla ya usiku wa kwanza. Plota isiyo na dira ya umeme haijui omo inaelekea wapi. Inajua chombo kinakokwenda tu. Jahazi likiwa linasukumwa na mkondo ubavuni, mshale wa skrini utaelekea kule mkondo unakowapeleka, na jahazi likisimama, mshale utazunguka hovyo. Dira ya maji ibaki mbele yake, na taa yake iwe nyekundu na hafifu.

Skrini inakuwa nyeusi saa sita mchana

*Nikivaa miwani ya jua siioni plota. Nikivua naiona kwa shida. Ni mbovu? – Msomaji, Kilifi*

Inawezekana si mbovu. Miwani yenye kioo cha kuchuja mng'ao huchuja pia mwanga wa skrini kwa pembe fulani. Inamisha kichwa upande: skrini ikirudi, tatizo ni miwani. Skrini za aina ya IPS huvumilia zaidi, na ndiyo sababu ni vizuri kwenda dukani na miwani yako usoni.

Kuona kwa shida hata bila miwani ni suala la pembe. Jua letu hupita karibu utosini, kwa hiyo skrini iliyolala sana inaakisi anga lote. Isimamishe zaidi, iwe karibu wima, na uongeze kijipaji cha plastiki nyeusi juu yake. Na ikizimwa, ivikwe kofia nyeupe. Vitabu vingi vinaweka mwisho wa joto la kufanyia kazi kuwa digrii 55, na kasha nyeusi lililofungwa linaweza kulifikia hilo nanga ikiwa chini na upepo haupo. Chumvi ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kwanza, ndipo kitambaa laini. Ukipangusa kabla ya kuosha, chembe za chumvi zinachora kioo.

Kadi ya dira imelala upande

*Nimenunua yoti iliyotoka Uingereza. Kadi ya dira haikai sawa, imeinama upande wa kusini, na wakati mwingine inakwama. Nikafikiri ni plota, nikaiondoa, hakuna tofauti. – Msomaji, Dar es Salaam*

Plota haina kosa hapa. Uga wa sumaku ya dunia haulali sambamba na ardhi. Kule Uingereza unaizamisha ncha ya kaskazini ya sindano, kwa hiyo mtengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini wa kadi ili isawazike. Mstari ambapo uga unalala sawa unapita kaskazini mwa Dar es Salaam, juu kule Ethiopia. Sisi tuko kusini yake, ambako ncha ya kusini ndiyo inayozama. Ongeza na ule uzito, kadi inainama mara mbili na kugusa kioo. Hakuna cha kufunga wala kufungua kwenye nguzo kitakachoiponya. Nunua dira, au kapsuli yake peke yake, iliyosawazishwa kwa ukanda wetu. Unapoagiza, taja mahali chombo kitakapokuwa.

Sitaha inabonyea kwenye mguu wa upinde

*Nilifunga upinde mpya wa usukani ili ubebe plota. Miezi minane baadaye maji yanadondoka ndani, na sitaha karibu na bolti inabonyea kwa kidole gumba. – Msomaji, Muscat*

Sitaha yako ni matabaka mawili ya faiba yenye mbao nyepesi ya balsa katikati. Bolti ilipita katikati ya balsa bila kinga, upinde ukawa unatikiswa na kila anayejishikia, mpira wa kuzibia ukaachia, na maji yakaingia kwenye mbao. Kupaka silikoni zaidi juu kutayafungia maji humo ndani.

Toa upinde. Kwa bolti ya milimita 6, panua kila tundu liwe la 12, kupitia tabaka la juu na balsa tu. La chini uliache zima. Kwangua balsa iliyooza kwa msumari uliopindwa, ukizungushwa kwa drili, mpaka utoke unga mkavu. Ukitoka mweusi na wenye maji hata baada ya sentimita 5, tatizo ni kubwa kuliko matundu, na tabaka la juu itabidi likatwe. Acha pakauke siku kadhaa. Joto la Muscat litakusaidia hapo. Ziba chini kwa utepe, paka epoksi nyepesi ndani inywewe na mbao, kisha jaza epoksi iliyokolezwa kwa unga wa silika. Joto hilo hilo sasa ni adui: changanya kidogo kidogo, ujaze kwa awamu mbili au tatu, na ufanye kazi alfajiri, maana kikombe kizima cha epoksi kwa digrii 40 kitachemka mkononi mwako.

Ikishakauka vizuri, toboa tena milimita 6 katikati ya epoksi. Panua kidogo mdomo wa juu kwa keekee pana, uweke utepe wa butili, mpira laini unaonata, ukizunguka bolti ndani ya mdomo huo. Chini weka bamba la aluminiamu au faiba lenye unene wa milimita 5, si washa peke yake. Kaza kidogo leo, kidogo kesho, butili ikiendelea kutoka pembeni, na uikate inapotokeza. Kaza nati, usizungushe bolti. Bolti ikizunguka inaivuruga butili na kufungua njia ile ile ya maji.